Supu ya mifupa iliyomtoa Mama chumbani, hapa Kasongo

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara, wa visiwani na wa ng'ambo ya ziwa.

Humu mimi huwa msomaji tu. Napita, nacheka na comments zenu, naondoka kimya. Leo nina langu. Nitaliandika lilivyotokea, na pale nilipofanya upumbavu nitasema nilifanya upumbavu.

Kwa wasio na muda: Mama yangu alikataa chakula mpaka tukaanza kumwogopea. Sasa anakula. Kilichomrudisha ni miguu ya ng'ombe, moto mdogo na kosa langu moja.

Wenye muda, vuteni viti.

Mimi ni mtu wa Kasongo, Maniema, Kongo. Sekondari nilimalizia hapahapa kwenye shule ya kanisa, na tangu hapo miguu yangu haikutulia. Nimeuza vitenge Uvira. Nimepakia mizigo Kalemie. Nimekaa Kigoma muda mrefu, na hata sasa nikifumba macho naliona soko lake asubuhi, mvuke unapanda kwenye masufuria na watu wanagombania chapati.

Nina ugonjwa huo wa kukumbuka kila mahali nilipoondoka. Nikiwa Kigoma nakumbuka Kasongo, nikiwa Kasongo nakumbuka Kigoma. Mtanisamehe nikitoka nje ya mada kidogo.

Habari ya Mama ilinikuta Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Kabambare. Sikuwa nachimba. Nilikuwa nawauzia wachimbaji tochi, betri na buti za mpira.

Aliyepiga simu ni dada yangu mkubwa, Yaya Feza. Sisi dada au kaka mkubwa tunamwita Yaya. Network ya kule inakuja na kuondoka, nikapata vipande tu: "Mama... hapana kula... kuya." Kuya ni njoo.

Nikamwachia jirani biashara, nikatafuta motari, yaani dereva wa pikipiki. Sitawachosha na barabara. Semeni tu kwamba kutoka Salamabila kupitia Kabambare hadi Kasongo kuna sehemu unaipanda pikipiki, na kuna sehemu pikipiki inakupanda wewe. Nilifika nikiwa na matope hadi kwenye nyusi.

Mama niliyemwacha alikuwa mwanamke wa kelele. Uani kwake hapakuwahi kuwa kimya. Alikuwa anapika huku anagombana na mbuzi, anamsalimia mpita njia, anamkosoa Feza anavyotwanga sombe, yaani kisamvu, vyote kwa mpigo mmoja. Sahani yake haikuwahi kujulikana ni ipi, kwa sababu alikula kutoka kwenye sinia pamoja na yeyote aliyekuwepo.

Nikamkuta amelala chumba cha nyuma, pazia limeshushwa.

Alikuwa ameugua malaria, kisha homa ya tumbo. Hospitalini walimtibu na akapona. Daktari alimwambia Feza wazi kwamba dawa zimemaliza kazi yake na kilichobaki ni chakula na mapumziko.

Mapumziko Feza aliyashika kisawasawa. Alifunga mlango, akawarudisha wageni, akanyamazisha nyumba nzima. Chakula alikipeleka kwenye sahani iliyofunikwa, akakiweka kando ya kitanda, akatoka polepole ili Mama ale kwa utulivu.

Mama hakula. Bugali, yaani ugali wetu, hakutaka. Uji aliunywa mara mbili akausukuma. Samaki wa mto Lualaba, ambaye zamani ungempa angekusamehe dhambi zote, alimgeuzia uso.

"Mama, onja basi," nikamwambia.

"Acha, Baba. Kinywa iko chungu." Ananiita Baba kwa sababu nina jina la baba yake.

"Kidogo tu."

"Nimesema acha. Ulikuya kunisalimia ao kunisumbua?"

Wakuu, sauti ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mifupa ya mabega yake. Mama yangu anakukemea kwa sauti ndogo!

Ndipo nikakumbuka supu.

Nikiwa Kigoma niliwahi kulazwa na homa, nikatoka nimebaki kama fimbo. Karibu na nilipopanga kulikuwa na mama ntilie aliyekuwa anauza supu ya makongoro, ile ya miguu ya ng'ombe. Alinipa bakuli kila asubuhi mpaka nikaweza kubeba mizigo tena. Kwa kuwa sikuwa na kazi, nilikuwa nakaa pale jikoni kwake namtazama anavyofanya. Kwa hiyo kupika nilijua. Sikuwahi tu kupata sababu ya kupika.

Nikaenda soko la Kasongo, kwa mchinjaji.

"Nipe miguu ya ng'ombe, na mifupa ya magoti."

"Na nyama kilo ngapi?"

"Nyama hapana. Mifupa."

Akamgeukia mwenzake. "Ona huyu. Anatoka Salamabila kwenye dhahabu, anakuya kununua mifupa. Ao iko na imbwa kubwa kwake?"

"Labda ni yeye mwenyewe ndiye imbwa," mwenzake akasema, na meza nzima ikacheka. Nilicheka nao. Mifupa nikapata, na ya ziada nikaongezewa kwa ajili ya huyo mbwa wangu.

Sufuria ya kwanza niliiweka kwenye jiko la nyuma ya nyumba. Ilikuwa inakwenda vizuri. Ikafika mahali nikaona tangawizi imepungua, nikatoka kwenda kuitafuta kwa jirani.

Niliporudi, supu ilikuwa nyekundu.

Feza alikuwa amesimama juu ya sufuria na mwiko mkononi, na pembeni chupa ya mawese imeshuka hadi nusu.

"Yaya! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Ulisahau mawese."

"Sikusahau. Supu hii haina mawese."

"Supu bila mawese? Ile iko maji ya kuogea."

Msimlaumu. Kwetu Maniema, mawese ni kama chumvi kwa wengine. Sufuria ambayo haijawa nyekundu, mtu anaona haijapikwa. Hata mimi ningekuwa sijatoka hapa ningefanya vilevile. Lakini kwa mtu aliyetoka kwenye homa ya tumbo, mafuta yale mazito yalikuwa yanamchafua roho kwa harufu tu. Nilipompelekea Mama alifunika pua kwa kitenge.

Supu ile ililiwa na sisi. Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Lakini haikuwa imepikwa kwa ajili yetu.

Sasa tatizo: ng'ombe Kasongo hachinjwi kila siku. Mbuzi ndiyo, kuku ndiyo, lakini ng'ombe analetwa kwa miguu kutoka mbali, na akiisha ameisha. Ikabidi kungoja.

Katika kungoja huko Mama aliendelea kushuka. Kitenge kilichokuwa kinamzunguka mara moja kilimzunguka mara mbili. Asubuhi moja alimwita Feza akaanza kumwambia kitenge gani apewe nani. Kile cha bluu kiende kwa shangazi. Kile cha harusi Feza akae nacho.

Feza alitoka chumbani akakaa chini palepale mlangoni. Hakulia. Alikuwa anakunja kitenge, anakikunjua, anakikunja tena.

Siku ng'ombe alipochinjwa, nilikuwa sokoni kabla ya mchinjaji mwenyewe. Safari hii hakunitania. Nadhani uso wangu ulimwambia.

Kumbe mvua ya usiku ilikuwa imeangusha upande mmoja wa paa la jiko. Kuni zimelowa, majivu yamekuwa tope. Nikatazama huku na huku. Mahali pakavu palipobaki ni barza.

Kwa wasiojua: barza ni kibanda cha wazi mbele ya nyumba, kina paa na mabenchi, hakina kuta. Wanaume wa jirani hukaa pale, wanazungumza, wanapumzisha mgongo. Nikachukua mafiga matatu nikayapanga palepale katikati.

Feza alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani bado ana hasira za mawese.

"Na mawese yakae ndani, Yaya."

"Kaa na maji yako."

Sasa recipe, kwa wale wanaoitaka. Andikeni.

Miguu uichome kwanza kwenye moto ukwangue manyoya yote mpaka ngozi iwe safi. Mifupa mikubwa mchinjaji akupasulie ili uboho uwe wazi. Osha. Tia maji, chemsha mara moja kwa nguvu, utaona povu la kijivu na uchafu. Maji hayo mwaga yote. Usiyaonee huruma.

Osha mifupa tena, osha na sufuria. Sasa tia maji baridi yafunike mifupa na kupita kidogo. Maji baridi, wakuu, si ya moto.

Ukiona yanaanza kuchemka, vuta kuni nje. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Supu ya mifupa haitaki kuruka. Inataka kutikisika tu, povu dogo hapa, povu dogo pale. Ukiipa moto mkali inakuwa nyeupe kama maji ya chokaa na mafuta yanajichanganya ndani. Kila povu linalopanda, liengue kwa kijiko.

Kisha kaa. Kazi kubwa ni kukaa. Asubuhi mpaka alasiri. Maji yakipungua unaongeza ya moto kidogo. Kitunguu, tangawizi iliyopondwa na kitunguu saumu mimi natia kuelekea mwisho, ili harufu isiishe njiani. Chumvi mwisho kabisa. Ndimu kila mtu akamulie kwenye kikombe chake.

Utajua imekubali ukichovya vidole viwili halafu vikang'ang'aniana. Ikipoa inaganda, inatikisika kama jeli. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Kwetu friji ni ndoto, kwa hiyo iliyobaki ichemshe kabisa asubuhi na jioni, na usiilaze siku nyingi.

Turudi barza.

Mchana harufu ilikuwa imeshavuka barabara. Wa kwanza kufika alikuwa Muzee Ramazani, jirani yetu, rafiki wa marehemu Baba. Huyu ni mtu wa msikitini na wa mizaha kwa kiwango kilekile. Akaketi benchi lake, akanusa.

"Nani alichinja?"

"Mwislamu mwenzako, Muzee, pale sokoni."

"Basi muzuri." Akasogea karibu na sufuria.

Wakaja wengine. Wakasalimia, wakaketi. Mimi nafurahi, nawasimulia habari za Kigoma, naengua povu kama fundi. Jua linateremka, supu imekuwa ya rangi ya dhahabu. Nikatia chumvi kidogo sana, nikasema hii sasa ndiyo.

Muzee Ramazani akamwambia Feza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Feza, leta mabakuli."

Nikaruka. "Muzee, samahani, hii ni ya Mama."

"Ya Mama?"

"Ndiyo, ya mgonjwa."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Kama iko ya Mama, sababu gani iko barza?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Feza alifungua mdomo akaufunga.

Kwetu, wakuu, chakula kikishakuwa barza ni cha wote walioketi pale. Hakuna anayeuliza kimepikiwa nani. Mtu anayetaka kula na watu wake peke yao anapika nyuma ya nyumba, na hakuna atakayemlaumu. Lakini ukileta chungu barza halafu ukawaambia watu hiki si chenu, utakuwa umewatukana, na utakuwa umemtukana baba yako aliyeijenga. Mtoto wa hapa anayajua hayo kabla hajajua kusoma. Mimi nilikuwa nimeyasahau kwenye mabarabara ya watu.

Mabakuli yakaja. Ningefanya nini? Nikagawa.

Kila bakuli nililojaza nilichungulia ndani ya sufuria. Nilikuwa natabasamu kwa nje. Kwa ndani nilikuwa namwona Mama anagawa vitenge.

Na walikuwa wanakunywa kwa raha! Wanavuta supu kwa sauti, wanagonga mifupa kwenye benchi kutoa uboho, ko, ko, ko. Jasho linawatoka. Mmoja akasema Kigoma wamenifundisha kupika kuliko mke wake. Muzee Ramazani akamjibu, "Mwambie mbele yake, tukuzike kesho." Barza ikalipuka kwa kicheko.

Feza amesimama mlangoni, mkono shavuni, ananitazama tu.

Halafu, kutoka ndani, sauti.

"Nani anagonga ile mifupa?"

Mtu mmoja alibaki na kijiko hewani.

"Feza! Munakula nini pale inje?"

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, lakini haikuwa ile ndogo. Nikatembea kuelekea mlangoni, Muzee Ramazani akanishika mkono. Akajibu yeye, kwa nguvu:

"Tunakunywa supu yako, Mama! Iko muzuri sana! Inaisha!"

"Inaisha?"

"Inaisha!"

"Ninyi watu hamuna haya! Mutu iko mugonjwa ndani, ninyi munamumalizia supu?"

"Kuya uichukue basi!"

Nilitaka kumwambia, Muzee, huyu hajasimama mwenyewe tangu atoke hospitali. Lakini jicho lake lilinikataza. Tukakaa. Hakuna aliyekunywa. Nilisikia kitanda kikilia, kisha miguu ikiburuzwa sakafuni.

Feza akakimbilia ndani, akarudi amemshika kiuno, na Mama akatokea mlangoni ameshika mwimo, kitenge kimefungwa upande, macho yanamulika barza nzima kama mwalimu anayetafuta aliyepiga mluzi.

Wazee wote walisimama. Mmoja akaleta kile kiti chenye mikono, kiti cha Baba, wakakiweka katikati ya wanaume. Mama akaketi. Kwa kawaida mwanamke haketi pale na kula, lakini siku ile ungethubutu kumwambia wewe?

Nikamkamulia ndimu, nikampa kikombe. Kila mtu akaanza ghafla kutazama barabara, paa, kucha zake.

Akanywa kidogo. Akalamba mdomo.

"Chumvi haiko."

Wakuu, nimeshangiliwa Salamabila na watu waliopata dhahabu. Hakuna neno lililowahi kunifurahisha kama hilo. Mtu anayekosoa chumvi anataka kula!

Chumvi ikaja. Akanywa kikombe kile chote. Akakinyoosha kwangu bila kunitazama. Nikajaza. Akanywa na cha pili, akaomba mguu, akaanza kuvuta ile ngozi laini kwa vidole.

"Na ule mufupa wako, Ramazani, iko na uboho?"

"Nimemaliza, Mama."

"Mulafi. Tangu zamani."

Feza alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele.

"Unapiga kigelegele ya nini?" Mama akauliza mdomo umejaa. "Miye niko bibi arusi?"

Barza ikacheka mpaka wapita njia wakasimama. Na Mama naye akacheka. Alikohoa, lakini alicheka.

Tangu siku ile hatukupeleka tena sahani iliyofunikwa chumbani. Ng'ombe akichinjwa, mafiga barza. Asipochinjwa, miguu ya kuku au kichwa cha mbuzi, njia ileile, moto uleule. Siku za mwanzo alikunywa supu tu. Kisha akaanza kuchovya bugali. Kisha akarudi kwenye samaki. Kiti chake sasa kina mahali pake, na wazee wakichelewa kufika anauliza wako wapi, anataka kula.

Tulipompeleka kwa daktari kuangaliwa, daktari alimpima uzito mara ya pili akidhani mzani umekosea.

Jumamosi iliyopita alikwenda sokoni kwa miguu yake. Mimi nabeba kikapu nyuma. Alisimama mbele ya mchinjaji, akaweka mkono kiunoni.

"Ule hapana. Ule hapana. Geuza. Hiyo ndiyo munamupatia mutoto wangu kila siku? Lete ule mukubwa uko chini ya meza."

Mchinjaji akasema, "Mama, tulisikia uko mugonjwa."

"Na miye nilisikia. Pasua mufupa."

Sasa funzo, kama nilivyolielewa mimi.

Supu si dawa. Mama alitibiwa hospitalini, na mgonjwa wenu mpelekeni hospitalini kwanza. Lakini baada ya dawa, mifupa iliyopikwa taratibu inamfaa sana mtu asiyeweza kutafuna, na ni chakula ambacho mchinjaji anakaribia kukutupia bure.

La pili ni kubwa zaidi. Sisi tulitafuta Mama ale nini, na hatukuwahi kuuliza ale na nani. Mtu aliyekula kwenye sinia na watu maisha yake yote, tulimfungia na sahani moja iliyofunikwa tukaita mapumziko. Kumbe kinywa kilikuwa chungu kwa upweke pia. Nilipokosea mahali pa kuweka sufuria, ndipo chakula kilipomfikia.

Yaya Feza anaomba niandike kwamba bado anaamini mawese kidogo yasingeharibu kitu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama umewahi kuwa na mgonjwa aliyekataa chakula, ulimrudishaje? Na wenye mapishi yenu ya mifupa, ya kichwa, ya mkia, ya samaki, yamwageni hapa. Mama nimemwambia nawaandikia. Anasema msome mpaka mwisho, halafu mkaweke maji motoni.